MZIGO WA KIELEKTRONIKI NA BETRI ZETU ZA PREPU

Mhariri ameniomba nieleze habari za ile mashine iliyokuwa ikivuma kama nyuki katika maabara ya Fizikia, ambayo wengi wenu mliichungulia dirishani mkadhani ni redio ya wanajeshi. Redio si redio. Jina lake ni mzigo wa kielektroniki. Nitaeleza inavyofanya kazi na jinsi ya kuiendesha, lakini itanibidi nianze na kisa cha bawabu wetu, kwa maana pasipo kisa hicho mashine yenyewe isingefika hapa.

Mnakumbuka mambo yalivyokuwa muhula wa pili mwaka 2024. Kila stima ilipopotea jioni, inveta ilitakiwa kuwasha taa za madarasa kwa kutumia betri nne zilizo katika kile chumba kidogo nyuma ya stoo. Betri hizo zilipaswa kutufikisha mwisho wa prepu bila wasiwasi. Wapi! Saa nzima haijatimia, inveta inalia tiii, kisha giza totoro. Ndugu zetu wa Kidato cha Nne, wenye mtihani wa KCSE mbele yao, wakarudia mishumaa na tochi. Akaitwa fundi kutoka mjini. Akatoa mita yake ya mkononi, akagusa betri moja baada ya nyingine: volti 12.8, 12.7, 12.7, 12.8. Akafunga mkoba wake. "Betri ni nzima kabisa," akasema. "Kuna mtu anazinyonya mchana."

Kuna mtu! Ufunguo wa chumba kile hukaa kwa bawabu, na bawabu alikuwa ameonekana akichaji simu humo. Lisemwalo lipo, tukasema. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wasemaji, tena wa sauti kubwa. Nilitunga hata vishairi vya kumcheka mzee wa watu, vikasomwa bwenini watu wakashika mbavu. Naandika haya nikiona haya. Baadaye tulisikia kwamba mzee ameambiwa ajieleze kwa barua, na kwamba huenda muhula ukiisha naye kazi yake iishe.

Mwalimu wetu wa Fizikia hakucheka. Siku moja darasani alichukua chaki akaandika ubaoni hesabu moja tu. Kila betri yetu imeandikwa volti 12 na ampea-saa 100. Zimefungwa kwa mfululizo, chanya ya hii kwa hasi ya ile, kwa hiyo zote nne hutoa volti 48. Arobaini na nane mara mia ni wati-saa 4800. Simu ya mkono huhitaji kama wati-saa 15 kujaa. "Haya," akasema, "mpeni mzee simu kumi kila siku. Amekula wati-saa ngapi?" Mia moja hamsini. Yaani asilimia tatu hivi. Darasa likanyamaza. "Sasa niambieni zile nyingine zimekwenda wapi."

Hakuna aliyejua. Nami nikajikuta nimeinua mkono, nikasema nina mjomba Nakuru ambaye hutengeneza chaja na mitambo ya sola, na ana mashine ya kupima betri. Jumamosi iliyofuata mjomba akashuka kwenye matatu akiwa ameibeba mashine ile imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga.

Hapa ndipo somo linapoanza, na jambo la kwanza ni hili: mita ya fundi haikusema uongo, ila iliulizwa swali lisilofaa. Betri iliyokaa tu, haifanyi kazi yoyote, huweza kuonyesha volti 12.7 hata ikiwa ndani imekwisha. Ni sawa na kumtazama hamali aliyekaa kivulini, mabega mapana, kifua mbele, ukasema huyu anaweza gunia la kilo tisini. Mtwike kwanza! Ndiyo maana chombo hiki kinaitwa mzigo. Chenyewe hakitoi umeme wala hakiuhifadhi. Kazi yake ni kuwa mzigo mgongoni mwa betri, chaja au paneli ya sola, huku kikiandika jinsi mbebaji anavyohema.

Zamani mjomba alitumia taa za mbele za gari. Taa ya wati 55 kwenye volti 12 huvuta ampea 4.6 hivi, basi unaiwasha, unakaa na saa na daftari, unangoja. Tatizo ni kwamba betri ikichoka volti hushuka, na taa nayo hupunguza ampea inazovuta. Mzigo unajipunguza wenyewe njiani! Hapo huwezi kupiga hesabu ya maana. Mashine hii ina transista kubwa kubwa zinazofanya kazi kama bilula. Ndani yake kuna kipande kidogo cha chuma chenye ukinzani unaojulikana, mkondo wote hupita hapo, na mashine huupima wakati wote. Ukizidi kile ulichoagiza, bilula inafungwa kidogo, ukipungua, inafunguliwa. Na umeme wote unaovutwa hugeuka kuwa joto. Volti 12 mara ampea 20 ni wati 240, karibu robo ya moto wa pasi, umefungiwa katika kisanduku cha ukubwa wa biskuti za familia. Ule mvumo mliokuwa mkiusikia ni feni. Aliyeweka daftari lake nyuma ya mashine likaziba matundu ya hewa anajijua. Mashine ilijizima yenyewe kwa joto, nasi tukaanza upya.

Mashine ya mjomba imeandikwa volti 150, ampea 30, wati 300. Msidhani utapata vyote kwa pamoja. Kwa betri ya volti 12, ampea 30 ni kama wati 360, na hapo itakataa. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitufe chochote, zidisha volti kwa ampea kwenye karatasi. Mjomba alinikataza kabisa kuanza bila hesabu hiyo. "Mpwa wangu," aliniambia, "mashine hii niliinunua kwa jasho. Ukiiunguza utaoa wewe mwenyewe bila mjomba kutoa hata kuku."

Kuna namna nne za kuiamuru, na kila namna ina herufi zake kwenye vitufe. CC ni mkondo usiobadilika: ukiagiza ampea 5, itavuta ampea 5 hata volti ishuke vipi. CV ni volti isiyobadilika: mashine huvuta kiasi chochote ili volti ikae pale ulipotaka. CR ni ukinzani usiobadilika, yaani inajifanya taa au waya wa pasi. Ya nne, ambayo huandikwa CP au CW, ni wati zisizobadilika. Hii ya nne inafaa kuangaliwa sana na watu wa inveta. Taa zetu ni 40, kila moja wati 18, jumla 720. Inveta haijali betri imechoka au la. Inataka wati zake. Volti zikishuka inavuta ampea zaidi ili wati zitimie, na ampea zikizidi volti zinashuka tena. Ndiyo sababu giza letu halikuja polepole kama la mshumaa unaokwisha. Lilikuja ghafla, pu!

Kwa kupima uwezo wa betri tulitumia CC. Kwa kawaida ampea-saa 100 za betri kama zetu zimehesabiwa kwa kuvuta taratibu kwa saa 20, yaani ampea 5. Ukivuta kwa pupa utapata chache zaidi. Jambo hili lilielezwa mwaka 1897 na Mjerumani aitwaye Wilhelm Peukert, na hadi leo kanuni hiyo ina jina lake. Kisha lazima uiambie mashine mahali pa kusimama. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 ina vyumba sita ndani, na kila chumba kisishuke chini ya volti 1.75, kwa hiyo tuliweka kikomo cha volti 10.5. Usipoweka kikomo, mashine itaendelea kunyonya hadi iiue betri uliyotaka kuipima.

Utaratibu wa kufunga ulikuwa hivi. Betri inachajiwa hadi ijae, inaachwa ipumzike saa kadhaa, kisha inatenganishwa na wenzake. Mashine inawashwa, lakini kile kitufe cha kuanza kuvuta kinabaki kimezimwa. Waya nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi, na fyuzi ya ampea 40 karibu kabisa na betri. Tazama kioo: kikionyesha volti za betri kama kawaida, endelea. Kikionyesha alama ya kutoa, au mashine ikilia, umegeuza waya. Hapo hapana mchezo, kwa sababu transista zikifungwa kinyume hupitisha mkondo bila kuuzuia, ni kama umegusanisha vichwa vya betri kwa spana. Fyuzi ndiyo itakayokuokoa. Ndipo unaandika ampea, unaandika kikomo, na mwisho kabisa unabonyeza kuanza. Ukimaliza, zima kwanza kuvuta ndipo uchomoe waya, la sivyo cheche zitaruka. Na betri hizi zikichajiwa huweza kutoa gesi ya haidrojeni, kwa hiyo madirisha yawe wazi na pasiwe na kiberiti karibu. Bangili, pete na saa za chuma zivuliwe.

Mimi ndimi niliyepewa kufunga betri ya kwanza, na nikaharibu. Waya nene za mjomba zilionekana fupi, nikaunganisha waya nyembamba nilizozipata kabatini, zile za kengele. Tulianza Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kesho yake mashine ilikuwa imesimama saa tatu na dakika 36 asubuhi: ampea-saa 83. Nikaanza kusema betri hii nayo imezeeka. Mjomba akagusa waya, akaguna. Zilikuwa na uvuguvugu. Akachukua mita akapima moja kwa moja kwenye waya na kwenye betri wakati mashine ikivuta, tukaona tofauti ya volti 0.6. Kwa kanuni ya Ohm, ambayo kila aliye Kidato cha Tatu ameikariri, 0.6 gawanya kwa 5 ni omu 0.12, na zote ziko katika waya zangu. Mashine iliona 10.5 ikasimama, kumbe betri yenyewe bado ilikuwa na 11.1.

Dawa yake iko nyuma ya mashine, matundu mawili madogo ambayo sikuyajali. Hayo ni ya waya za kuhisi. Waya mbili nene hubeba mkondo. Nyingine mbili, hata ziwe nyembamba, hazibebi karibu chochote, zinakwenda tu hadi kwenye vichwa vya betri kusoma volti ya kweli. Unafunga waya nne, unaiambia mashine kwenye orodha yake isome kupitia hizo mbili. Tukachaji upya, tukapima upya. Saa 18 na dakika 24. Ampea-saa 92. Nilikuwa nusura niishtaki betri isiyo na hatia, kama nilivyomshtaki mzee, tena kwa ushahidi wa namna ile ile: kipimo kilichosomwa mahali pasipofaa.

Betri ya pili ilitoa 90. Tukaingiwa na wasiwasi. Kama zote ni nzima, basi maneno ya fundi yatasimama, na mzee wetu ndiyo basi tena.

Ya tatu tuliifunga Jumamosi saa kumi na moja jioni wakati mwalimu wa zamu ametupa ruhusa ya kukaa maabara. Ilianza vizuri, 12.5, 12.4. Saa mbili usiku ilikuwa 11.6 na inateremka mbio. Mzee bawabu alikuwa katika zamu yake, akasimama dirishani na tochi yake, koti limemfika magotini. Hakuna aliyemwambia tunafanya nini lakini naamini alijua. "Inasema nini, mwanangu?" akaniuliza. Sikupata la kumjibu. Saa mbili na dakika 48 mashine ikalia, feni ikapunguza mwendo. Kioo kilisoma ampea-saa 19. Ya nne, tuliyoipima siku zilizofuata, ilitoa 88.

Pengine mtauliza: betri tatu nzima, moja mbovu, mbona zote zishindwe? Ni kwa sababu ya kule kufungwa kwa mfululizo. Mkondo ule ule hupita katika zote, kama watu wanne waliobeba mti mmoja mrefu. Mmoja akipiga magoti, mti umeanguka. Inveta yetu hujizima volti zote zikifika 42. Betri tatu nzima zenye volti 12 kila moja ni 36. Ya nne ikiporomoka hadi 6, hesabu imetimia: 42, giza. Na kwa kuwa taa 40 pamoja na kile inveta inachojilia yenyewe huvuta kama ampea 17, ampea-saa 19 haziwezi kufika mbali zaidi ya saa moja. Ilikuwa inalingana na yale tuliyoyaona madarasani hata dakika.

Mjomba hakutaka tuishie hapo. Alisema atakayepinga atasema betri haikuwa imejaa. Hivyo tukaichaji tena, akatufundisha kuipangia mashine programu. Unaipa orodha ya hatua: hatua ya kwanza, ampea 2 kwa sekunde 10, hatua ya pili, ampea 20 kwa sekunde 5, rudia mara tatu. Ukishabonyeza, unakunja mikono na kutazama. Betri ya kwanza katika ampea 2 ilisoma volti 12.60, katika ampea 20 ikasoma 12.42. Tofauti ni 0.18, gawanya kwa ampea 18 zilizoongezeka, unapata omu 0.01. Huo ndio ukinzani wa ndani. Betri ya tatu ilianza 12.55, ikaanguka hadi 11.11. Tofauti 1.44, gawanya kwa 18, omu 0.08. Mara nane! Na jaribio zima lilichukua chini ya dakika moja. Yule fundi angekuwa na njia ya kuitwika betri ampea 20 kwa sekunde tano tu, haya yote yasingetokea.

Kwa nini ya tatu peke yake? Kumbukumbu za stoo zilionyesha kwamba hiyo ilinunuliwa peke yake baadaye, kuchukua nafasi ya iliyopasuka. Mjomba anadhani ilikaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa. Betri ya aina hii ikiachwa hivyo, mabamba yake ya risasi huota fuwele ngumu za salfeti, na sehemu iliyofunikwa haifanyi kazi tena. Kwa nje inang'aa, kibandiko hakijakwaruzwa.

Kabla ya kurudi Nakuru, mjomba alitupa somo moja la ziada juu ya paneli ya sola, na nalitaja kwa sababu lilitufanya tuone haya wote. Paneli ilikuwa ya wati 100, yaani kama volti 18 kwa ampea 5.5 jua likiwa kali. Mwenzetu mmoja kwa kujiamini akaweka CC, ampea 7. Volti zikaanguka hadi karibu sufuri. "Imekufa!" akapiga kelele. Haikufa. Paneli ile haiwezi kutoa zaidi ya ampea 6 hivi hata ukigusanisha waya zake, sasa wewe unaidai 7 itazitoa wapi? Paneli inapimwa kwa CV: unaanza karibu volti 22, unashuka kidogo kidogo, kila mara unazidisha volti kwa ampea, hadi upate mahali wati zinapokuwa nyingi kuliko kote. Kwa betri ni kinyume chake. Ukiweka CV ya volti 10 kwenye betri yenye 12.6, mashine itavuta kwa nguvu zake zote ikijaribu kuishusha, hadi igonge ukomo wake.

Mwalimu wetu alipeleka karatasi ya vipimo ofisini, betri nne, safu nne za nambari. Barua ya mzee haikuhitajika tena. Betri ya tatu ilibadilishwa, na safari hii iliwekwa kwenye mzigo kabla ya kulipiwa. Muuzaji alinung'unika lakini akakubali. Tangu hapo taa hazijatuzimikia prepu hata mara moja. Mimi nilikwenda langoni jioni moja kumwomba mzee msamaha kwa ajili ya vile vishairi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama mashine ile inaweza kupima betri ya redio yake, maana siku hizi inakatika kabla ya taarifa ya habari kwisha. Tuliipima. Ilikuwa imekwisha kabisa.

Mjomba amekubali kutuazima mashine kila muhula. Betri tumezipaka nambari kwa rangi nyeupe, moja hadi nne, na daftari la vipimo liko kwenye droo ya pili ya maabara. Kipimo kijacho ni Jumamosi ya kwanza baada ya likizo fupi. Anayetaka kuja aje, ila avue saa ya chuma, na asije na waya za kengele.